Pipa Bado Lina Maji

Mpendwa mdogo wangu Ambakisye,

Kesho saa nane mchana wanazika mgomba, na mgomba huo watauita kwa jina lako. Mtu akipotelea majini asionekane, unajua kwetu inavyokuwa: huzikwa mgomba uliovikwa nguo yake, ili wafiwa wapate pa kulilia. Baba mkubwa amekuja nao toka Tukuyu, umelazwa hapa sebuleni kwetu Soweto, Mbeya, chini ya shuka nyeupe. Imebaki nguo tu, na nguo zako ninazo mimi. Leo ni siku ya tatu nakataa kuzitoa.

"Mwanangu, toa nguo ya mwenzio," ananibembeleza. "Mama yenu atakufa kwa kungoja."

Unalikumbuka pipa la nyuma ya jiko? Ndimo ulimojifunzia kuzama, wewe mtoto wa Mbeya uliyeijua bahari kwenye picha za kalenda. Ulikuwa unaingia mzima mzima, Julai, baridi inang'ata, mimi nahesabu. Nikiogopa nagonga pipa mara tatu, nawe unachomoka huku meno yanagongana. "Dada, mbona umewahi!" Mama anatoka mbio na mwiko, tunatimka wote wawili.

Halafu ukaenda Zanzibar kusomea kuzamia na mitungi ya hewa, ukapata kazi kule kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, kuwashusha watalii wakatazame matumbawe. Ulinionyesha kwenye simu: maji ya bluu mpaka yanaudhi, samaki wa njano wanakupita usoni. "Huku chini hakuna baridi, dada." Nilikuonea wivu, kusema kweli.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku ile ya mwisho ulinipigia huko kwenu kukiwa asubuhi, huku jioni, mimi nafunga genge langu la viazi sokoni Mwanjelwa. Sauti yako ilikuwa imeziba.

"Dada, nina mafua, masikio yamejaa. Nimwambie bosi leo sizami?"

Nikakucheka. "Mafua? Huku nani hana mafua? Kunywa tangawizi uende kazini, acha kudeka."

Ukacheka na wewe, ukaenda. Watalii wote walipanda juu, wewe hukupanda. Sisi huku mafua tunayavaa pamoja na sweta, Amba, mtu halali kitandani kwa ajili ya mafua. Sikujua kwamba kuzama na mafua, masikio yameziba, ni hatari. Sikujua! Na nikitoa nguo yako nimekubali kwamba niliyekutuma ni mimi.

Hapo niliiacha barua hii, nikaenda nyuma ya jiko nikaligonga pipa mara tatu. Najua ni ujinga. Sijaondoa hata mkono, mlango ukafunguka, mama huyo, miguu peku, mama ambaye wiki sita tangu upotee hajainuka kwenye mkeka bila kushikwa. Akalitazama pipa, akanitazama mimi.

"Ametoka?"

Nilimshika mkono. Nikamrudisha ndani, nikafungua sanduku, nikampa baba mkubwa lile sweta lako la kijivu. Mama inabidi alie, aache kusikiliza pipa.

Kesho nitatupa udongo pamoja na wenzangu. Lakini maji ya pipa yamenishinda kumwaga. Nisamehe, mdogo wangu. Siku zote ulilalamika kwamba nawahi kugonga, na safari hii nimechelewa.

Kwaheri, Amba.

Dada yako,
niliyekwambia uende.