Mstari wa Tochi Kwenye Picha ya Kabula

Jumapili, jioni. Mawingu yamelala juu ya ziwa na upepo unaleta harufu ya dagaa mpaka hapa kibarazani.

Hapa Kiseke hakuna jambo zito linaloamuliwa kabla sijaulizwa. Msiba, mahari, ugomvi wa mpaka, wataanzia kwa nani? Kwangu. Shule niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nilibaki kwa sababu walimu walinihitaji. Tena mnaosoma hapa mnakijua kisa cha kiboko aliyenipisha njia kule Ukerewe, akainamisha kichwa kabisa.

Leo sina hamu ya kukirudia.

Aliyenifungulia blogu hii ni Kabula, binti wa dada yangu wa Mkolani. Kazi yake ni kupiga picha za usiku, kando ya ziwa na kwenye majengo yaliyotelekezwa. Kamera anaisimamisha kwenye stendi ya miguu mitatu, halafu anaiacha jicho wazi muda wa chai kuchemka, inakunywa mwanga kidogo kidogo. Nyota zinatoka, maji yanatulia kama maziwa kwenye bakuli. Kuna hoteli imemwagiza picha za kutundika ukutani, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya maana. Dada alimruhusu kwa sharti moja: aende na mimi.

Angeenda na nani mwingine?

Basi jana usiku nikaazima gari la shemeji, tukaenda kwenye ghala la pamba la zamani, njia ya Magu, lile lililobaki kuta na mlango tu, maji yakigonga ukuta wa nyuma. Kabula akaniweka mlangoni na tochi mkononi, ili picha iwe na mtu.

"Anko, simama tu. Usihame mpaka niseme."

"Mwanangu, mimi nilisimama mbele ya kiboko."

"Huyo kiboko namjua, anko. Wewe simama."

Nikasimama, kifua mbele. Mara kitu kikagonga meno gizani nyuma yangu, ka-ka-ka-ka, halafu kimya. Kile kimya ndicho kilichonimaliza. Sikumbuki miguu ilianzaje.

Kabula alinikuta kwenye gari. Njia nzima mpaka nyumbani alikuwa anaongelea nyota.

Leo baada ya kanisa tukala kwa dada, na hapo mdomo ukanitoroka kama kawaida yake. Nikawaambia kiboko alitoka majini, nikamvuta anifuate mimi ili mtoto apone, nikamzungusha lile ghala mpaka akachoka mwenyewe. Shemeji, mume wa dada, akaacha kutafuna, akanitazama. Nikaona hajaamini vizuri.

"Kabula, lete picha waone nilivyosimama."

"Anko, haikutoka vizuri."

"Lete."

"Tule kwanza, anko."

"Mtoto huyu anaionea haya kazi yake. Lete, nimekwambia."

Akaifungua kwenye simu yake, akaiweka mezani. Nilidhani kamera imenishika pale mwanzo, nilipokuwa bado nimesimama. Sikujua kwamba kwenye picha za namna hiyo anayebaki ni aliyetulia, anayehama anafutika. Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mstari mweupe wa tochi. Unatoka mlangoni, unagonga ukuta, unarudi, unapiga kona kwenye matete, unanyooka hadi kwenye gari. Na ndani ya mlango, juu ya boriti iliyoanguka, korongo, na mdomo wake mrefu ndio yale meno niliyoyasikia. Mmoja wa hawa wenye vipara wanaoshinda dampo. Amesimama kwa mguu mmoja, ametulia, manyoya yake ungeweza kuyahesabu.

Shemeji akaigeuza simu huku na huku. "Kiboko wako ameota mabawa, shemeji."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajua yamekwisha. Dada hakucheka. Aliufuata ule mstari kwa kidole mpaka ulipoishia, kisha akauliza polepole, "Na Kabula alikuwa wapi?"

Akaisukuma simu kando.

"Nilimkabidhi mtoto kwa mtu mzima," akasema, "kumbe nilimkabidhi kwa tochi. Hizo safari za usiku zimekwisha."

Kabula akakusanya sahani. Picha za hoteli hajafika hata nusu.

Alikuwa amenifichia tangu jana. Niliyemlazimisha kunianika ni mimi.

Na tangu nirudi nafikiria jambo hili: alibaki peke yake kwenye giza lile, na kamera hakuigusa. Aliingoja ikafunga jicho yenyewe, akakunja stendi, ndipo akaja kunitafuta.

Kesho nitakuwa Mkolani kabla dada hajatoka. Nitamwambia jana usiku kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetulia, na ni mwanawe. Amwache amalize kazi ya watu, amtafutie mlinzi wa kweli, mimi nitabeba stendi. Yule kiboko wa Ukerewe naye nitamwangalia, huenda akapungua ukubwa.

Limebaki moja ambalo sijui kama mdomo huu utalitoa mbele ya dada. Nilipoingia kwenye gari nilifunga milango yote. Kabula alipokuja akagonga kioo, "Anko, ni mimi, fungua," sikufungua. Nilimwambia kwanza ataje jina la bibi yake.

Akalitaja, jina la mama yangu mzazi.

Nikamwambia arudie.