Kilichomuua Tabitha

Chebet mjukuu wangu,

Hapa mtaani Free Area tuko salama, na mama yangu bado anatembea hadi kwa geti bila fimbo.

Umeuliza kama saratani ya tumbo iliwahi kuingia kwetu. Iliingia. Nikiwa msichana ilimuua dada yangu Tabitha, na majirani wakasema mama alimlisha kitu kibaya. Mama alimuuliza daktari kama ni kweli, naye akajibu hajui. Tangu siku hiyo mama hajapikia mtu.

Uliniandikia kwamba kuna jeni, zile chembe za urithi ndani ya mwili, zinazoamuru seli zikue, na zikiharibika haziachi kuamuru. Jeni hizo mbovu zikizidi, uvimbe hukua haraka na mgonjwa huwa hana siku nyingi. Jana nilimsomea mama maneno hayo, kwamba ugonjwa huanzia ndani ya seli, si kwenye sufuria ya mtu. Akasema, "Soma tena, polepole."

Nyanya yako,
Rael