Bamba Lililotokeza Mlangoni

Manga,
Nyamira.
16 Septemba, 2025

Mpendwa wifi yangu Drusilla,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Waendeleaje na joto la Doha? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona, au bado unawainua wagonjwa peke yako? Sisi ni wazima. Majani chai yamechipua vizuri baada ya mvua, na Baba anakula, ingawa ukimwuliza atasema hana hamu.

Jirani yetu Purity anasafiri kuja huko, nikaona nimpe barua hii na kifurushi. Mambo mengine ukiyasema kwa simu yanapotea njiani.

Najua kinachokunyima usingizi ni kinu cha Mama. Tangu tumzike, na ile ngao ya mviringo inayofunika nyundo za kinu ipasuke, kilikuwa kimenyamaza, na Baba akaapa kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Uliniomba nimzuie. Mimi nani nimzuie baba mkwe? Nilichoweza ni kumwomba asubiri hadi Jumapili, nijaribu kutengeneza ngao nyingine. Akakubali kwa kuguna.

Wifi, kukunja bamba la chuma nene hivyo si kukunja chapati. Nilililaza juu ya vyuma viwili ndani ya fremu niliyoiunga mwenyewe, nikalikandamiza katikati kwa jeki ya lori, kidogo tu, nikalisogeza, nikakandamiza tena, huku nikilipima kwa katoni niliyoikata kwa umbo la ngao ya zamani. Chuma kina kiburi. Ukilegeza jeki kinarudi nyuma, kwa hiyo lazima ukikunje kupita pale unapotaka.

Bamba la kwanza nililiharibu. Nililikata kwa urefu kamili, nikasahau kwamba jeki haiwezi kukunja ncha. Zikabaki zimenyooka kama mdomo wa bata, nami nikakaa chini nikasonya. La pili nikaliacha refu ili ncha nizikate baadaye. Sasa likawa zito, likaning'inia upande mmoja, na mume wangu Sylvanus yuko Ogembo kazini.

Hapo ndipo tulipolipia ujanja wa huyo kaka yako. Unakumbuka alivyojisifu kwamba ameokoa matofali kwa kuunganisha karakana yangu na chumba chetu cha kulala? Matofali aliokoa, ila kwa mila zetu baba yake hawezi kukanyaga humo. Baba mkwe aingie nyumba ya mwanawe! Hata mbuzi wangecheka.

"Mokamwana, mbona kimya?" Baba aliniuliza mimi mkaza mwana wake kutoka nje.

Nikamweleza shida. Akasogea karibu na mlango.

"Sukuma hiyo chuma itokee kwa mlango. Mimi nashika ya nje, wewe ya ndani."

Tukafanya hivyo. Mimi ndani kwenye jeki, yeye uani ameshika ncha yake, uso kaelekeza kwenye migomba kama mtu aliyekosana nami. Nikisema "sogeza," anasogeza. Kizingiti hakukigusa hata kwa kidole cha mguu. Tulimaliza kabla jua la Ijumaa halijazama, Sabato isitukute na grisi mikononi.

Jumapili asubuhi nilikata ncha, nikaifunga ngao. Mnunuzi alipofika na mkokoteni wake, kinu kilikuwa kinanguruma. Baba akampa ile ngao iliyopasuka, akamtakia safari njema.

Lakini nikwambie lililoniumiza. Nilipokizima kinu, Baba aliinuka pale alipoketi, akaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Mama, akasimama mbele ya kufuli. Sylvanus, aliyekuwa amerudi kwa Sabato, akaninong'oneza kwamba kila kinu kikinyamaza, Mama alikuwa akimwita aje anywe chai. Wifi, nilishikwa na machozi. Nikamwita Baba kwa sauti, "Tata, chai iko tayari!" Hata moto sikuwa nimewasha. Akageuka, akaja akaketi nje ya mlango wangu, akasubiri bila haraka.

Unga wa wimbi ulio kwenye kifurushi ndio wa kwanza kutoka kinuni. Baba ameufunga mwenyewe, mafundo yake utayajua.

Sylvanus anakusalimu sana, pia shangazi Bonareri na mzee Nyakundi jirani. Mungu akutie nguvu za mgongo na za moyo, akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Na ukija, usije ukamwambia Baba kwamba chai haikuwepo.

Wifi yako akupendaye mchana na usiku,

Beverlyne