Jeneza Tupu ni Fanicha

Buhembe,
Bukoba.
13 Machi 1985

Mpendwa Dada Benigna,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, wenye mwandiko ule ule mbaya unaoujua, ili usidhani kuna mtu ananiandikia. Hujambo? Shemeji hajambo? Na Penina, kile kikohozi kimekwisha? Sisi huku ni wazima, na ninaposema wazima najihesabu na mimi.

Telegramu ya kwanza, iliyosema nimefariki, isamehe. Ya pili, iliyosema niko hai na usubiri barua, ndiyo ya kweli. Barua yenyewe ndiyo hii. Nimempa Uledi, mkwe wa fundi Zahoro, akuletee hapo Tabora mkononi, maana posta ingechelewa. Najua umeshaomba ruhusa kazini uje kunizika. Nakuomba kitu kimoja: ruhusa hiyo usiirudishe mpaka umalize kusoma.

Zahoro unamkumbuka, yule wa Kashai aliyekutengenezea kabati la harusi. Siku hizi makabati hayaagizwi. Anapiga majeneza tangu asubuhi hadi jioni na bado hayatoshi. Jumapili iliyopita alikuwa na jeneza la kupeleka Muleba, kwa mtu nitakayemtaja tukifika. Kipimo kililetwa kwa kamba, na kamba ikawa sawa na urefu wangu, kwa hiyo siku moja kabla aliniita ili nilijaribu. Nikalala ndani kama mtu anayejaribu koti. Na kwa kuwa nami nilikuwa na safari ya Muleba, tukapatana twende pamoja kwa pikapu ya kuazima.

Tulipaswa kuondoka asubuhi. Kosa ni langu. Baada ya misa nilipita kwa jirani kuonja pombe ya rubisi, nikaionja vizuri. Nilipofika Kashai ilikuwa inakaribia saa nane, na sheria unaijua: Jumapili ikifika saa nane mchana magari hayatembei, ila yenye mgonjwa au maiti.

"Si tunalo jeneza?" nikamwambia.

"Jeneza tupu ni fanicha, mwalimu," akasema Zahoro. "Fanicha haipiti Jumapili."

Dada, mwenye akili angerudi kwake. Lakini pikapu ilitakiwa kwa mwenyewe Jumatatu asubuhi, na rubisi ilikuwa bado inanishauri. Nikavua viatu, nikaingia.

Tulikwenda salama mpaka kizuizi cha kabla ya Muhutwe, penye yale mapipa yaliyobaki tangu vita. Nikasikia gari linasimama. Mgambo akauliza ni nani humo. Zahoro ni mtu wa swala tano, kudanganya hajui. Ndani ya jeneza alikuwamo Mwalimu Theonest wa Buhembe, na Zahoro akajibu hivyo hivyo.

Ile sauti ikasema, "Mwalimu Theonest? Yule wa viboko?"

Mwanafunzi wangu! Darasa la sita, dawati la nyuma. "Alinichapa kwa ajili ya hesabu za sehemu," akamwambia Zahoro, "na sehemu zenyewe mpaka leo sizijui. Lakini shati langu la kwanza la shule alinipa yeye. Masikini, lilinifika magotini." Akavuta kamasi. Mimi nami machozi yakanitoka, sijui kwa sifa au kwa vumbi la randa. Kisha akaona kifuniko kimelegea, akasema mwalimu asije akaanguka njiani akaaibika, akaokota jiwe akanigongelea misumari minne, kwa heshima. Bahati Zahoro alikuwa ameacha upenyo upande wa miguu.

Nyundo ya Zahoro ilibaki Kashai, kwa hiyo kuanzia hapo nilisafiri kwa masikio. Kila tulipopita watu walisimama. Nilisikia wenye baiskeli wakishuka, akina mama wakinyamaza katikati ya maneno. Hapo niliona aibu, Dada. Wamesimama mara ngapi mwaka huu, kwa wa kweli? Nikatulia kama mtu aliyeazima nguo ya mwenzake bila kuaga.

Habari ilifika Buhembe kwa baiskeli jioni hiyo hiyo. Jumatatu niliporudi nilikuta moto uwanjani, majirani wameacha kulima, mikungu mitatu imekatwa, na jirani yetu Mashauri ndio kwanza anarudi kutoka posta kukupigia ile telegramu. Klaudia, mke wangu wa miaka ishirini, alinitazama toka kichwani mpaka chini.

"Viatu viko wapi?" akauliza.

"Kashai."

"Basi kaa ule. Ndizi zimeshamenywa."

Tangu siku hiyo hajaniambia neno lingine refu kuliko hilo.

Hayo ya Jumatatu nimeyatanguliza makusudi. Sasa turudi Muleba, kwa mwenye jeneza.

Ni ndugu yetu Pastory, Dada. Aliliagiza mwenyewe, na kamba alijipima mwenyewe. Ni huu ugonjwa wa siku hizi, mwaka sasa, tangu aache biashara ya samaki visiwani. Alitukataza tusikuandikie. Alisema wewe ndiye uliyembeba mgongoni, hataki umwone amekuwa mwepesi kuliko siku zile.

Tulimkuta amekaa mlangoni, amejifunika blanketi, mkewe Paskazia akimenya ndizi. Zahoro na vijana wa pale wakalishusha jeneza mbele yake, nami ndani na misumari yangu minne. Nikapiga kelele, "Nyundo! Leteni nyundo!" Paskazia alikimbilia migombani na kisu chake mkononi. Pastory hana tena miguu ya kukimbia, kwa hiyo alicheka. Alicheka akakohoa, akakohoa mpaka tukaogopa, akacheka tena.

Nilipotolewa akaniita karibu. "Waitu, Theonest, umelala humo muda gani?"

"Karibu saa tatu nzima."

"Basi niambie kweli. Mabega yanabanwa?"

Nani mwingine angeweza kumjibu? Nikamwambia hayabanwi. Miguu inanyooka. Linanukia mbao mbichi. Kinachoumiza ni mashimo ya barabara, lakini yeye hasafiri, ni hapa hapa kibanjani kwake. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha kupanga akakiridhia.

"Sasa mwandikie Benigna," akasema. "Lakini mchekeshe kwanza."

Nimetii, kwa kadiri nilivyojaliwa.

Jeneza liko chumba cha nyuma. Paskazia amelijaza maharage ya kuvuna juzi, kwa hiyo kwa sasa ni fanicha. Njoo likiwa bado fanicha, Dada. Ruhusa unayo mkononi. Mkubwa wako akikuuliza habari za msiba, mwambie marehemu mwenyewe ndiye aliyekuita.

Klaudia anakusalimu, Paskazia anakusalimu, na Zahoro anaomba radhi kwa kusema kweli. Nisalimie shemeji na Penina. Mungu akulinde njiani, akupe kiti cha dirishani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ningali juu ya ardhi,

Theonest