Pombe Ambayo Haijachacha

Kaisho, Kyerwa,
14 Julai 2024.

Mpendwa mwanangu Projestus,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma. Hujambo huko Songea? Mkeo Adelgunda je, kifua kimepona? Sisi tu wazima. Maharage tumeshaanika, kahawa ndiyo tunavuna.

Najua simu ya baba yako ilikuudhi. Kumwambia mtoto wako wa pekee "sina mtoto" si neno dogo, na tangu hapo hujapiga. Simtetei kaka yangu. Nakueleza tu yaliyompata kabla ya simu hiyo, maana mama yako alikuficha usije ukaacha kazi, na kwenye simu ungenikatiza.

Mwezi wa nne tulikamua ndizi za rubisi, ili mwanangu Kashaija aende na pombe hiyo kuposa. Baba yako, unamjua, hakubali mwingine azikanyage yeye akiwapo. Akateleza, kisogo kikagonga ukingo wa mtumbwi wa kukamulia. Aliinuka anacheka, akaendelea. Jioni akatapika, ulimi ukawa mzito, akawa anauliza jambo lile lile. Wanaume wakasema kalewa, mwacheni alale.

Mama yako akawauliza, "Kalewa nini? Pombe tumeikamua leo, bado ni maji ya ndizi."

Ndipo tukatafuta gari.

Hospitalini walimmulika macho kwa tochi, wakamwambia awabane vidole, wakamuuliza yuko wapi. Mboni moja ilikuwa imetanuka kuliko nyingine. Wakatupa rufaa, na kipimo cha kichwa huko Mwanza kikaonyesha damu imevilia ndani ya fuvu. Wakatoboa, wakaitoa. Mungu ni mkubwa.

Sasa anatembea, na migomba anaipunguzia majani. Ila anasahau, kelele zinamuumiza kichwa, na hasira ziko karibu. Daktari alisema hasira hizo ni za lile jeraha, tusibishane naye. Juzi kanirushia kikombe. Sikubishana, nilikwepa.

Wiki iliyopita tulimpeleka kliniki. Nesi alimuuliza siku, akakosea. Wilaya, akasema Karagwe. Hilo nililiacha lipite, Kyerwa zamani ilikuwa ndani ya Karagwe, na wazee wengi bado wanasema hivyo. Akamuuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja, Projestus. Amenikasirikia."

Kwa nini? Alifikiri sana, akasema hajui. Simu alikuwa kaishika mkononi, na ndivyo anavyoshinda nayo.

Hilo liliniuma, mwanangu. Lile neno limebaki kwako peke yako, yeye hanalo tena.

Piga asubuhi, ndipo anapokuwa ametulia.

Kashaija anakusalimu, na mkewe pia, posa ilikubaliwa. Msalimie Adelgunda. Mungu akulinde, na moyo wako aulainishe.

Nikupendaye hata ninapokusema,
Shangazi yako,
Kokuberwa