Kizibao cha Kiongozi

Jumatano, 15 Oktoba

Kizibao cha sita kimekamilika baada ya swala ya alasiri. Visahani vinne vya shaba, viwili kifuani, viwili mgongoni. Waya mrefu unaoshuka hadi kiunoni. Kisanduku chenye kioo cha tarakimu. Kidonge cha plastiki cha bunduki ya mchezo kikigonga, kisahani huhisi mshtuko na tarakimu hupanda kwa moja. Sikufundishwa na mtu. Nilisoma, nikaunguza vidole, nikajua. Kiarabu cha maofisini nilikipata vivyo hivyo, na leo nusu ya jirani zetu hapa Wattaya huniletea maombi yao niwaandikie.

Salma, mke wangu, analalamika kwamba meza ya chakula inanuka lehemu. Ana haki. Lakini kazi hii ni ya lazima. Kila Ijumaa asubuhi timu zetu mbili hucheza vita vya bunduki za plastiki katika shamba lililoachwa, nje ya Sib. Kanuni ni moja: aliyepigwa huinua mkono, husema mwenyewe kwamba amepigwa, hutoka hadi duru inayofuata. Kidonge hakiachi alama. Yote husimama juu ya ukweli wa mtu, na ugomvi hauishi. Niliiandikia kamati pendekezo la kurasa mbili. Limekubaliwa bila kubadilishwa neno.

Timu yetu ndiyo itakayoanza kuvijaribu. Cha kiongozi nimekiongezea mfuko wa redio ya mkono, ambayo kwayo huwaamuru wenzake. Wao wana visikizi tu. Kiongozi ni Saidi, mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka minane. Timu ya pili inaongozwa na Hilali, ambaye Saidi amemposa dada yake. Posa iko kwa baba yao. Wanaulizauliza habari za Saidi, kama ilivyo desturi. Jibu tunalisubiri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Vizibao vimefanya kazi.

Mmoja: pigo moja. Mwingine: mawili. Mwingine: hakuna. Kila mmoja amekiri sawasawa na kisanduku chake. Saidi: tisa. Hakuwa ameinua mkono hata mara moja.

Aliapa kwamba hakuhisi kitu. Hilali alicheka. "Tisa, Ami. Huyu paka wenu kabakisha roho ngapi?" Wakacheka wote. Kisha akaniuliza, bila kucheka, kama chombo kinaweza kukosea. Nilijibu kwamba chombo hakina jamaa. Sentensi hiyo ilinipendeza nilipoitamka.

Niliona haya kwa ajili ya Saidi. Nilifurahi kwa ajili ya chombo. Naandika yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saidi alikuja. Hakukaa.

"Mjomba, sikupigwa. Kifungue ukitazame."

Nilikiweka mezani mbele yake. Nikakigonga kwa ncha ya kalamu mara kumi. Kumi ikasoma. Nikamwambia kwamba mwanamume hukubali.

"Kizibao umekipima mara kumi," alisema. "Mie umenilea miaka ishirini na tatu. Hujanipima?"

Nilikikunja kizibao, nikarudisha kalamu mfukoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hilali ameniomba, kwa niaba ya kamati, uthibitisho wa maandishi. Rasimu tatu. Ya tatu ndiyo. "Nathibitisha, bila upendeleo wa nasaba, ya kuwa chombo kilichotajwa hakikosei, na ya kuwa idadi iliyosomwa ndiyo idadi iliyotokea." Nimeweka sahihi na tarehe.

Salma aliisoma akiwa amesimama. "Umeandika vizuri. Lakini bwana, huyu si mtoto wako?"

Nilimwambia kwamba ndiyo maana. Nimeipeleka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Saidi hakuja uwanjani. Hakuja kula wali wa Ijumaa pia, jambo ambalo halijapata kutokea. Mchezo uliahirishwa. Salma alifunika sahani yake, akaiacha mezani hadi magharibi.

Jumatano, 29 Oktoba

Jibu la posa limefika. Hapana.

Baba yake Hilali alinipigia simu kwa adabu kubwa. Nasibu haikuandikwa, alisema, na hakusema zaidi. Sababu aliitoa mama yake Hilali, kwa Salma. Uthibitisho wangu ulisomwa barazani kwao, mbele ya wajomba wa binti. Mmoja wao aliuliza: mtu anayekana kidonge cha plastiki, mkewe atamkania mangapi?

Walimwamini mwandishi. Mjomba hamzulii mpwa wake. Ndivyo walivyosema, na ndivyo ambavyo ningesema mimi.

Salma amekula jikoni peke yake.

Ijumaa, 31 Oktoba

Lazima niandike kwa utaratibu.

Nafasi ya Saidi ilichukuliwa na Mwalimu Masudi, mtu mzima, mgonjwa wa goti. Alivaa kizibao cha kiongozi. Alikaa nyuma ya ukuta wa kisima muda wote, juu ya kiti, akiamuru kwa redio. Mimi nilikuwa karibu naye na birika la chai. Hakuna aliyemkaribia. Hakuna aliyemlenga.

Kisanduku chake: kumi na moja.

Nilikichukua kizibao. Nikakitandika juu ya kiti, redio ikiwa mfukoni. Nikabonyeza kitufe cha kusemea, nisiseme kitu. Moja. Nikabonyeza tena. Mbili. Tatu.

Waya ule mrefu sikuuvika kinga. Hunasa mawimbi ya redio, na kisanduku huyahesabu kama pigo. Mezani kwangu nilikipima bila redio. Mara kumi, kwa kalamu, bila redio.

Saidi aliwaamuru wenzake mara tisa.

Mwalimu Masudi aliniuliza kama naumwa. Nilisema ndiyo.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeandika barua ya kukanusha. Kurasa nne. Sababu, ushahidi, ungamo, ombi. Sijapata kuandika hati iliyojengeka vizuri kuliko hiyo.

Nakala ya kamati nilimpa Hilali. Aliisoma yote. "Tumefahamu, Ami. Uwanjani Saidi arudi, tutamwomba radhi. Lakini baba keshatoa neno kwengine."

Nilikwenda Sib, nyumbani kwao, hata hivyo. Baba yake alinipokea vizuri. Halwa, kahawa, habari za afya. Nikamkabidhi barua kwa mikono miwili. Aliikunja bila kuifungua, akaitia chini ya sinia.

"Barua yako ya kwanza ilikuwa nzuri sana," alisema. "Ilitutosha."

Nilikunywa vikombe vitatu. Hatimaye nikatikisa kikombe, ishara ya kutosheka. Niliendesha gari hadi nyumbani nikiwa nimewasha taa mchana. Sikujua.

Jumatano, 5 Novemba

Saidi ameomba kazini ahamishiwe Salala, mwendo wa siku nzima kwa gari. Wamemkubalia. Salma ndiye aliyeniambia. Nakala yake ya barua nimemtumia. Ameipokea. 

Nimekata nyaya za vizibao vyote kwa koleo. Meza nimeiosha kwa sabuni na ndimu.

Ijumaa, 7 Novemba

Saidi alikuja kula.

Alimwamkia Salma, kisha mimi. Alinibusu mkono kama kawaida. Wali, samaki wa kuchoma, achari ya embe. Walizungumza juu ya matairi, na urefu wa njia, na nani atamfulia huko. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu alfajiri. Yalikuwa mengi na yalikuwa yamepangika.

Salma alipokwenda kuleta maji, nikainua mkono. Wa kulia, juu, kama uwanjani. Ulikuwa na chembe za wali.

"Nimekosa," nilisema. Sikuongeza.

Aliutazama mkono. Kisha akanisogezea sahani ya ndimu.

Nikaushusha. Tukaendelea kula.

Aliondoka saa tisa. Safari ni kesho asubuhi. Salma amemfungia samaki aliyebaki.