Minza, Aya ya Ngulyati Imepita

Minza rafiki yangu,

Imepita. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai usingenipa nafasi ya kusalimia. Ungesema, "Zena, mwangaluka baadaye, kwanza niambie." Basi nakuambia: mpango wa taifa wa mabadiliko ya tabianchi umetoka, umechapwa, na aya yetu ya Ngulyati imo. Haijaviringwa mpaka ikapoteza maana. Imo, imekaa wima.

Nakala zililetwa halmashauri mwezi uliopita kwenye boksi. Nilikuwa napiga chapa barua ya likizo ya mtu, nikaiacha katikati ya neno. Nikafunua sehemu ya kanda yetu, nikasoma nimesimama, nikasoma tena. Halafu nikatoka nyuma ya jengo, pale tulipokuwa tunakula michembe yako ya viazi vilivyokaushwa na chai ya rangi, nikalia huku nacheka. Mlinzi alinisogelea akauliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni kama nimepata harusi. Alikwenda zake anatikisa kichwa.

Nataka kuyaandika yote tangu mwanzo, hata kama unayajua kuliko mimi. Nisipoyaandika yatanitoroka, na sina tena mtu wa kunirekebisha.

Timu ilipotoka Dar es Salaam kuja kukusanya maoni ya wananchi, hakuna hata mmoja wao aliyejua Kisukuma. Wewe afisa maendeleo ya jamii, mzaliwa wa Ngulyati, ilikuwa lazima uende. Ukamwambia bosi wetu huwezi kuandika na kutafsiri kwa wakati mmoja, unamtaka Zena. Ofisi nzima ilishangaa. Katibu muhtasi, mtoto wa Kiislamu wa mjini, baba Mmanyema, ndiye wa kutafsiri Kisukuma? Lakini mimi nilikulia kwenye kaunta ya baba, nikiwapimia sukari akina mayu, mama wa Kisukuma waliokuja Bariadi siku ya gulio, na lugha yao niliinywa nao. Wewe ulikuwa unaiita Kisukuma cha dukani. Ulisema najua kuuza kwa Kisukuma ila sijui kulia kwa Kisukuma. Nimejua sasa, Minza. Umenifundisha kwa kwenda.

Mkutano wa Ngulyati ulifanyika ndani ya ghala la chama cha ushirika. Lilikuwa tupu tangu soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kusimamisha mizani yao barabarani, kila mmoja na bei yake. Watu walikaa sakafuni, wanawake upande wa mlangoni ambako kulikuwa na upepo. Kiongozi wa timu, yule tuliyemwita Daktari tu, aliuliza swali lake la kwanza kwa sauti ya upole: mabadiliko ya tabia nchi yamewaathiri vipi?

Neno lenyewe lilikuwa geni kwetu sote. Wewe na mimi tulilisikia wiki ileile. Nikalipeleka kwa Kisukuma kama lilivyo: nchi hii imebadilika tabia, ninyi imewaumiza vipi?

Mzee Maduhu akasimama, akashukuru kuulizwa. Alisema amesubiri miaka mingi serikali ije iulize swali hilo. Ndiyo, nchi imebadilika tabia. Zamani mkulima alipewa mbegu na dawa ya pamba na ushirika, akakatwa wakati wa kuuza. Mvua ikigoma, deni linangoja mwakani. Siku hizi dawa unanunua mwenyewe kabla hujajua kama mawingu yapo. Mvua ikikatika, umepoteza shamba na umepoteza ulichonunulia dawa. Unauza ng'ombe. Ng'ombe wakiisha unapanda mlimani kukata mkaa. Mlima wenyewe ndio ngitili yetu, majani tunayoyafungia masika ili mifugo ile kiangazi. Sasa ngitili inafyekwa ilimwe pamba, kwa sababu wanunuzi wapo barabarani.

Ghala zima likaitikia. Daktari akaniinamia akaniomba niwaambie kwamba swali ni juu ya mvua na joto, hawa wameelewa vibaya. Nilifungua mdomo. Wewe, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi yako, ulisema, "Waache wamalize. Hawajaelewa vibaya."

Ndipo Mayu Holo, yule mjane jirani ya mama yako, akazungumza akiwa amekaa palepale. Alisema, "Mvua ilikosa na zamani. Zamani ikikosa tulikuwa na pa kushika." Nilitafsiri, na nakumbuka Daktari aliacha kuandika kidogo.

Sitaki kumwonea Daktari, Minza, na wewe pia hukumwonea. Hakuwa mtu mbaya. Jioni ile kwenye gari alitueleza kwa adabu kwamba mpango huu utapelekwa kwa wafadhili, na wafadhili wanatoa kwa ajili ya ukame na mafuriko, hawatoi kwa ajili ya kulalamikia soko huria. Akiandika habari za pamba watamrudishia karatasi. Wewe ukamuuliza, asipoziandika atashauri nini? Akajibu: mbegu zinazostahimili ukame, kupunguza mifugo, na milima kufungwa iwe hifadhi ya serikali. Nikakuona umegeuka dirishani. Nilijua unachokiona. Mlima wa Ngulyati ukiwa hifadhi ya serikali, kiangazi cha kwanza tu mifugo ya mama yako na ya Mayu Holo ingekosa pa kwenda, na atakayeivusha angekamatwa kwenye mlima wa babu zake.

Kwenye kikao cha majumuisho pale ukumbi wa halmashauri, ulisimama. Ulivaa ile blauzi yako ya kijani yenye kifungo kimoja tofauti. Daktari alikuwa amesoma muhtasari, na Ngulyati ilikuwemo kwa mstari mmoja: wananchi wanaripoti upungufu wa mvua. Ukasema muhtasari ni wa kweli na hautoshi. Akakujibu kwamba mengine yale ni biashara, si tabianchi. Wewe ukasema maneno ambayo mpaka leo madereva wa halmashauri wanayarudia: "Daktari, ng'ombe hafi kwa jua. Anakufa kwa kukosa majani, na majani tuliyauza."

Watu walipiga makofi, kisha wakakumbuka bosi yupo, wakaacha. Siku iliyofuata bosi alikuita akakuambia wilaya haiwezi kugombana na wageni, na kwamba kwenye mikutano iliyobaki hutakwenda. Ulirudi mezani kwako, ukachomoa kipande cha michembe mfukoni, ukakivunja ukanipa nusu. Ulikuwa na hasira, na hasira yako siku zote iliisha kwa kumlisha mtu. Halafu uliandika aya ile. Ilikuwa ndefu, yenye vifungu vya ukali. Nikaipiga chapa, ukaifupisha, nikaipiga tena. Ilisema kwamba ukame unaua zaidi pale mkulima alipoachwa peke yake na soko, na kwamba ngitili zibaki mikononi mwa vijiji, zipewe hati, zisigeuzwe hifadhi. Uliituma kwa Daktari kwa njia ya kawaida, kwa jina lako, na nakala kwa bosi. Hukujificha. Nilikuogopea sana.

Kisha ukaanza kuvimba miguu.

Sitaandika mengi kuhusu hospitali. Nilikuja kila nilipotoka kazini. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia, na wewe, mgonjwa, ulikataa kula mbele yangu mpaka jua lizame. Nilikusihi, ukasema uji umepoa tayari, utapoa zaidi, haidhuru. Barua ya mwaliko wa kikao cha taifa ilipokuja, ikiitaka wilaya ilete mtu mmoja aliyeshiriki kukusanya maoni, bosi alisita, lakini aliyebaki nilikuwa mimi. Nilikuambia siwezi. Mimi napiga chapa, mimi natafsiri. Ulinishika kifundo cha mkono, mkono wako ulikuwa wa moto. Ulisema, "Ukifika huko usitafsiri. Sema."

Tulikuzika Ngulyati siku ya mvua. Kanisa lenu liliimba mpaka sauti zikakauka. Baba yangu alifunga duka akaja, akasimama na kofia yake mkononi kwenye matope, na Mzee Maduhu akampa nafasi apige koleo moja. Baada ya hapo kwa muda mrefu sikuweza kupita kwenye meza yako. Walimweka mtu mwingine. Ni kijana mzuri, ila hali michembe.

Nilikwenda Dar es Salaam na aya yako ndani ya mkoba. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, na watu walisema kwa maneno marefu. Rasimu iligawiwa. Nikatafuta ukurasa wetu: upungufu wa mvua, mstari mmoja. Lakini chini kabisa, kwenye viambatisho, aya yako ilikuwepo, yote, na jina la Ngulyati juu yake. Daktari hakuwa ameitupa. Alikuwa ameiweka mahali ambapo hakuna anayesoma, lakini hakuitupa.

Wakati wa kujadili kanda yetu nikanyoosha mkono. Nikasema mimi ni katibu muhtasi kutoka Bariadi, na aliyepaswa kusimama hapa ameshazikwa. Nikawaeleza ghala tupu, dawa ya pamba, mlima. Nikawaambia alichosema Mayu Holo. Hata sikukifungua kile kiambatisho, Minza, maana nilikuwa nakujua kwa moyo.

Mtu mmoja mbele alisema hayo ni mambo ya wizara nyingine. Nikadhani tumekwisha. Ndipo mama mmoja kutoka Kilimanjaro, mwenye nywele nyeupe, akasema kwao ni kahawa, lakini hadithi ni ileile: mkulima amebaki peke yake, ukame ukija anakata miti ya kivuli auze. Baba mmoja wa Mtwara akasema na korosho hivyohivyo. Wa Dodoma akasimama. Ukumbi uliamka. Nilitazama huku na huku kama mtu aliyebisha hodi nyumba moja na mtaa mzima ukamfungulia.

Daktari alikuwa kwenye meza ya mbele. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema anaomba kiambatisho cha Ngulyati kihamishwe kiingie ndani ya mpango wenyewe, na kwamba yeye binafsi atakwenda kuwaeleza wafadhili. Akanigeukia akaniuliza kama nitakubali vifungu viwili vya ukali viondolewe. Nikafikiri ungesema nini. Nikamwambia aondoe kimoja. Ukumbi ulicheka, naye akacheka, akaondoa kimoja.

Na sasa imo. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ngulyati kuwasomea. Tulikaa palepale ghalani, lakini si tupu tena: akina mama wameliomba kwa serikali ya kijiji, na upande mmoja kuna magunia ya mtama na mahindi, akiba ya msimu mbaya, kila nyumba imeleta chake. Nilisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, polepole. Nilipofika penye ngitili kubaki kwa kijiji na kupewa hati, vigelegele vilipanda hadi kuku wakatimka. Mzee Maduhu aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mayu Holo aliuliza jina lako limeandikwa wapi. Nikamwambia karatasi za namna hii hazibebi majina ya watu. Akafikiri, akasema basi sisi tutalibeba, na wakaamua hapohapo: mlima ukipimwa, kwenye daftari la kijiji utaitwa Ngitili ya Minza. Mama yako alijifunika uso kwa kanga. Alipofunua alikuwa anatabasamu, Minza. Nakuapia, meno yote nje.

Wapimaji wameshafika. Bosi mwenyewe aliwaleta, akawa anawaonyesha mipaka kama vile lilikuwa wazo lake tangu zamani. Nilimwacha. Ungecheka.

Jumatatu naanza safari ya vijiji. Halmashauri imenihamisha kutoka mashine ya chapa hadi idara yako, maana kila kijiji kinatakiwa kuandika mpango wake sasa, na kule Shishiyu, Maswa, wametuma watu kuomba mtu aje awaeleze Ngulyati walifanyaje. Baada yao ni Mwamanyili. Naogopa, lakini ni woga mzuri, kama wa bibi harusi. Nimenunua buti za matope na mwavuli.

Nakuahidi haya. Nitamwona mama yako kila gulio, na sukari yake haitapimwa kwa mizani, itamiminwa. Hakuna mkutano nitakaouendesha ambapo mwanamke aliyekaa mlangoni hatapewa zamu yake ya kusema. Na wakijaribu kuibadilisha aya hii, leo au miaka ijayo, watanikuta mlangoni.

Wabeja, rafiki yangu, kwa yote. Pumzika bila wasiwasi. Majani mlimani yamefika magotini, na hakuna aliyeyauza.

Wako,
Zena